Nyumba ya roho na koni ya kaburi: mimi nachagua ipi

Ukipita makumbusho kwenye makabati ya vitu vya Misri ya kale, watu wote wanakimbilia maiti na dhahabu, vitu vya udongo havina mpenzi. Mi napenda viwili.

Cha kwanza ni nyumba ya roho, jina hilo kalitoa mwanaakiolojia Mwingereza Flinders Petrie alipochimba makaburi ya Rifeh, Misri, mwaka 1906 hadi 1907. Ni sinia la udongo lenye kijumba nyuma, nguzo, ngazi ndogo ya kupandia juu ya paa, halafu uani wamefinyanga kichwa cha ng'ombe, paja la nyama na mikate, na kuna kamfereji ka kutolea maji yanayomiminwa kwa marehemu, yani hata kama ndugu hawana hela ya meza ya mawe ya kuwekea sadaka bado mtu wao anakula na kunywa.

Cha pili ni koni ya kaburi, ya Thebes, mji wa Misri ya kale, nyingi za nasaba ya 18 ya wafalme wa huko. Hii ukiiona kavukavu tu, kama karoti ya udongo, ila kitako chake kimepigwa muhuri wa jina na cheo cha mwenye kaburi, mfano Merymose, gavana wa Kush, nchi ya kusini mwa Misri, enzi za farao Amenhotep III. Zilipangwa juu ya mlango wa kaburi, wataalamu bado wanabishana kwa nini.

Kwa historia koni inashinda, inakupa jina. Ila mimi hapana, nabaki na kijumba. Kile kingazi jamani, unaona kabisa kidole cha mfinyanzi.