Wayback Machine: nyota 4, ila isigeuzwe kisingizio cha kufuta

Nawapa nyota 4 kati ya 5 kwa roho safi, maana hawa Internet Archive, shirika lenye hii Wayback Machine inayohifadhi kopi za kurasa za zamani za mtandao, wanafanya kazi kubwa na hawamtozi mtu hata senti. Mnakumbuka 29 Januari 2025, ofisi ya utumishi ya Marekani, OPM, ilitoa waraka kwamba hadi saa 11 jioni ya tarehe 31 idara zote ziwe zimetoa mtandaoni chochote cha kile Trump anachokiita itikadi ya jinsia. CDC (ya kudhibiti magonjwa) na FDA (ya chakula na dawa) zikashusha kurasa kibao, na jamani humo mlikuwa na miongozo ya uzazi wa mpango, maelezo ya PrEP, dawa ya kuzuia HIV, takwimu za afya za vijana wa sekondari! Mgonjwa kakaa mbele ya daktari, daktari anafungua ukurasa haupo.

Hapo ndo Wayback ilipookoa watu. Unabandika linki ya zamani, inakuja kalenda, unabonyeza tarehe yenye duara la bluu, ukurasa unafunguka kama ulivyokuwa siku ile na tarehe yake iko juu pale. Kwa kujua nini kimebadilishwa sijaona inayoifikia.

Nyota moja naikata na sababu kaitoa Jaji John Bates wa Marekani mwenyewe. Chama cha madaktari cha Doctors for America kilipoenda mahakamani kupinga ufutaji huo, serikali ikajitetea eti madaktari hawajaumia, si kurasa nyingi zipo Wayback? Jaji akakataa, akasema haihifadhi kila ukurasa, na hata zilizohifadhiwa hazitokei ukisachi, mpaka uwe na linki kamili uliyoiweka kabla haijafutwa. Nani ana linki zote hizo? 11 Februari akaamuru kurasa zirudishwe, na Julai akaamua kabisa kwamba zilifutwa kinyume cha sheria. Pia zile kurasa za takwimu ambazo unachagua mwaka na jimbo mara nyingi kopi yake inafunguka ganda tu, namba haziji.

Na zilizorudi zikabandikiwa tangazo juu kwamba zimerudi kwa amri ya mahakama na utawala hauzikubali, kwa hiyo kopi ya zamani bado ina kazi. Kama kazi yako inategemea mwongozo wowote wa afya wa serikali, nenda Wayback pale palipoandikwa Save Page Now uuhifadhi leo, na linki yake uiandike mahali.