Uzoefu wangu: Pikipiki ya cc 150 kutoka Dar es Salaam hadi Njombe

Wengi huamini kwamba pikipiki ya Kihindi ya cc 150, yenye kabureta (kifaa kinachochanganya petroli na hewa) na injini inayopozwa kwa hewa, ile inayobeba abiria na magunia kila kona ya nchi, haifai kwa safari ndefu. Yangu nimeiendesha kutoka Dar es Salaam hadi Njombe katikati ya mwezi wa Mei, na ninaipendekeza kwa dhati kwa mtu anayesafiri peke yake na mzigo mdogo, mradi ajue kwamba kinachoilemea si umbali bali mwinuko.

Mpaka Morogoro, mwendo wa karibu kilomita 190, masika yalikuwa hayajakatika. Matairi yake membamba yalishika vizuri lami iliyolowa, ila breki ya diski ya mbele inataka mkono mwepesi wakati wa mvua, na upepo wa malori mnayopishana nayo huisukuma kando kwa sababu ni nyepesi. Kilomita 60 hadi 70 kwa saa ndio mwendo ulioifaa. Ukizidi hapo, mtikisiko hutia mikono ganzi. Katika Hifadhi ya Mikumi, ambako barabara kuu inapita katikati ya wanyama kwa takribani kilomita 50, ni lazima kwenda taratibu, nayo ilikwenda hivyo bila kukohoa wala kuchemka.

Baada ya Mikumi mvua ilibaki nyuma. Bonde la Mbuyuni lilikuwa kavu na lenye joto kali, mibuyu imetanda pande zote, na kwa kuwa injini hii haina rejeta ya kuipoza kwa maji, niliipumzisha kivulini kabla ya kuukabili Mlima Kitonga, mpando mkali wenye kona nyingi kabla ya Iringa. Hapo ndipo pa kuipima. Injini ya namna hii hupozwa na upepo wa mwendo wake yenyewe, kwa hiyo kutambaa nyuma ya lori lililosheheni kunaiumiza kuliko kupanda kwenyewe. Nafuu ni kusimama mahali salama, uliache lori litangulie, kisha upande kwa gia ya pili na ya tatu bila kukatisha mwendo. Kulipita lori kwenye kona zile ni kucheza na roho yako.

Iringa iko kwenye mwinuko wa takribani mita 1,600, na Njombe inakaribia mita 2,000. Huko juu hewa ni nyepesi, lakini kabureta huendelea kumimina petroli kwa kipimo kilekile cha pwani, hivyo mchanganyiko huzidi mafuta, plagi (inayotoa cheche ya kuwasha mafuta) hushika masizi na nguvu hupungua, takribani sehemu moja ya kumi kwa kila mita 1,000. Niliuona upungufu huo waziwazi kwenye vilima vya baada ya Mafinga. Fundi mmoja alisafisha plagi na kurekebisha skrubu ya hewa ya kabureta, injini ikaacha kuzimika nilipopunguza mwendo, ingawa nguvu ya kupanda haikurudi yote. Plagi ya akiba, kwa maoni yangu, ni muhimu kuliko kifaa kingine chochote utakachobeba.

Makambako ilinipokea kwa upepo mkali, na barabara ya Njombe kwa ukungu na baridi ya kupenya mifupa. Koti la mvua, ambalo pwani lilinilowesha kwa jasho, huku lilikuwa kinga bora dhidi ya upepo. Asubuhi starta ya umeme ilishindwa kabisa kuiwasha, lakini kiki ya mguu iliiwasha nilipovuta choki, inayopunguza hewa injini ikiwa baridi, na ndiyo maana sishauri kununua toleo lisilo na kiki. Taa ya mbele ni dhaifu mno kwa ukungu ule, kwa hiyo nilingoja jua lipande kwanza.

Kwa mafuta sina lalamiko hata moja: lita moja ilinivusha kilomita 40 na zaidi, hata milimani. Anayetaka kupakia mwenzake na mizigo kwa njia hii atafute injini kubwa zaidi, kwa sababu nguvu iliyobaki juu ya Kitonga inamtosha mtu mmoja tu.