The Princess Bride: muvi kali, ila kitabu ndo chenyewe

Muvi ya 1987 wengi mshaiona na siyo mbaya, ila kitabu cha William Goldman cha 1973 ndo kimenimaliza, nimekisoma kwenye kivuko cha Kamanga nacheka peke yangu mpaka mama mwenye ndoo ya dagaa akahama siti. Jamaa anajifanya kafupisha tu kitabu cha mzee S. Morgenstern, anakatiza stori eti hapa mzee kajaza historia ya ufalme nimeitoa, kumbe Morgenstern mwenyewe kamtunga! Kwenye muvi utani wote huo umebaki babu anamsomea mjukuu mgonjwa, basi. Na pale Inigo yule bingwa wa upanga na rafiki yake Fezzik, lile jitu, wanashuka kwenye zuu ya mwanamfalme Humperdinck, ngazi baada ya ngazi gizani, muvi haina kabisa, na skripti kaandika Goldman huyohuyo jamani! Utangulizi tu ndo mrefu, vumilia.