Nililipa pauni 55 kwenda kuchuma vya porini Kent

Kwetu Songea mvua zikishika, akina mama wanaingia miomboni alfajiri na vikapu kutafuta uyoga. Nimekulia nyuma ya mama kwenye kazi hiyo, na nilijihesabu fundi. Kwa hiyo nilipoona tangazo la matembezi ya kuchuma vyakula vya porini huko Kent, pauni 55 kwa kichwa, nilisita. Nilipe nikafundishwe kuokota? Wifi yangu ndiye aliyenivuta. Tulipanda treni kutoka London Jumamosi moja mwanzoni mwa Oktoba, na naandika haya kwa ajili ya wenzangu mlioko Uingereza mnaojiuliza kama inafaa.

Vuli ya huku si mvua fupi kama ya kwetu. Ni majani kupukutika, na nyua za mashamba kujaa matunda. Nyua zenyewe ni miti ya miiba iliyosongamana, ukiiona utakumbuka michongoma. Tulianza na blakiberi, ambazo karibu kila mtu anazijua, tukaja kwenye eldaberi. Hizi ni punje ndogo nyeusi zinazoning'inia kwa vishada kwenye vikonyo vyekundu. Ukizila mbichi zinachafua tumbo na kutapisha, lazima zipikwe. Mwalimu wetu, mama wa makamo mwenye buti za mpira, alituonyesha namna ya kuzipukusa kwa meno ya uma, zikaanguka kwenye bakuli kama mtama. Hakuruhusu mtu atie chochote mdomoni kabla ya kulitazama jani lake, kulinusa na kutaja jina lake.

Matunda ya waridi pori alituelezea vizuri sana. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, machungwa yalipokuwa hayafiki, serikali ya Uingereza ilihimiza watu, watoto wa shule wakiwemo, wayaokote kwa ajili ya sharubati yenye vitamini C. Alilipasua moja kwa kisu: ndani kuna vinyweleo vyembamba mno, nilivipaka mkononi nikawashwa papo hapo. Ndiyo maana sharubati yake huchujwa mara mbili kwa kitambaa, kama tunavyochuja tui.

Kisha tukaingia msituni kwenye michestinati, miti yenye mbegu za kuliwa. Ganda la nje lina miiba mingi myembamba kama kalunguyeye aliyejikunja, unalikanyaga kwa kiatu ndipo linafunguka. Kuna mti mwingine unaodondosha mbegu za kahawia zinazong'aa, nazo ni sumu. Tofauti iko wazi ukishaonyeshwa: ya kuliwa ina ncha yenye manyoya kidogo, na jani la mti wake ni moja refu lenye meno kama msumeno. Ile ya sumu ni ya mviringo, haina ncha, na jani lake limegawanyika kama vidole, mfano wa jani la msufi.

Sasa uyoga. Chini ya mwaloni wifi aliinama akaniita kwa sauti ya chini, "Wifi, njoo uone. Si uyoga wa kwetu huu?" Nami nikasema ndio. Kwetu upo uyoga unaochomoza kama yai lililopasuka, una kifuko shinani na sketi shingoni, mama aliupika mara nyingi na hakuna aliyedhurika. Huu ulikuwa na kifuko kilekile na sketi ileile. Kofia tu ndiyo ilikuwa na ukijani kidogo uliochanganyika na unjano. Mkono wangu ulikuwa umeshafika.

Mwalimu alikuja, akapiga magoti, akachimba taratibu kuuzunguka mpaka kifuko chote kikaonekana. Ulikuwa Amanita phalloides, ambao Waingereza wanauita kofia ya kifo. Kuupika hakuondoi sumu, wala kuukausha. Aliyeula huenda akalala salama, maana tumbo huanza kusokota baada ya muda wa saa 6 hadi 24. Halafu hupata nafuu, anadhani yamekwisha, kumbe ini linaharibika. Wifi alinishika mkono, hatukusema kitu kwa muda.

Nalieleza hili kwa kirefu kwa sababu ya sisi tuliokulia kwenye miombo, Songea, Njombe, Tabora na kwingineko. Ujuzi wa mama zetu ni wa kweli, lakini ni wa msitu wao. Huku uyoga wenye kifuko shinani uacheni, na msitegemee programu ya simu ikuambieni huu ni upi. Kwa nusu saa ile peke yake nisingedai pauni zangu zirudi.

Alitufundisha na sheria. Kwa Sheria ya Wizi ya mwaka 1968, kuchuma matunda au uyoga wa porini kwa matumizi ya nyumbani si wizi. Kuuza ni habari nyingine. Kung'oa mmea na mizizi yake bila ruhusa ya mwenye ardhi ni kosa, kwa sheria ya mwaka 1981. Na Epping Forest, ambako wengi wa London tunakimbilia, hairuhusiwi kuokota uyoga.

Yasiyonipendeza yapo. Tangazo lilisema watu 12, tulikuwa 19, na waliokuwa nyuma hawakusikia nusu ya maneno. Chakula cha moto tulichoahidiwa kilikuwa kikombe cha supu na kipande cha mkate, kwa watu waliotembea saa tano. Niliwaandikia, sijajibiwa. Nawapa nyota nne kati ya tano, na hizo nne ni za yule mama.

Mkienda, chukueni kikapu na si mfuko wa plastiki, na vaeni mikono mirefu kwa ajili ya miiba. Sisi tulirudi na chestinati kama kilo mbili. Tulizichanja moja moja kwa kisu ili zisipasuke kwenye oveni, tukazioka. Kaka alionja moja, akasema ni kiazi kitamu cha kuchoma hiki, akavuta sinia lote upande wake.