SQLite chini ya kaunta: uzoefu wangu tangu kebo ya baharini ilipokatika

Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 nilikuwa nyumbani Tabata, Dar es Salaam, nikidhani ruta yangu ndiyo imekufa. Nikaizima, nikaiwasha, nikanunua bando la mtandao mwingine wa simu, hola. Baadaye habari zikasambaa kwamba kebo mbili zinazopita chini ya bahari, EASSy na Seacom, zimepata hitilafu upande wa kusini, na Tanzania ni miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Kesho yake, kabla sijamaliza chai, simu ikaita. Mama mwenye duka la vifaa vya ujenzi kule Buguruni, mteja wa programu yangu ya mauzo tangu 2021.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mwanangu, mashine yako imegoma. Nina fundi hapa anataka mifuko arobaini ya saruji, na hii kitu inazunguka tu kama pia."

Mashine yangu haikuwa na neno. Umeme ulikuwepo, kompyuta nzima, printa ya risiti nzima. Ila bei ya mfuko wa saruji uliolala hatua sita kutoka kwenye kaunta nilikuwa nimeihifadhi kwenye seva iliyoko Ulaya. Mama alitoa daftari, akauza kwa kalamu siku tatu. Mimi nilibaki nikijiuliza ni nani aliyenishawishi kupanga vitu namna ile, na jibu likawa kwamba hakuna. Nilisoma habari za teknolojia kila asubuhi, kila mtu yuko kwenye wingu, yaani seva za mbali za kukodi, nami nikapanda.

Mwezi uliofuata nikaihamishia programu yote kwenye SQLite. Haya ndiyo niliyoyaona tangu hapo, matamu na machungu, nikiwaandikia hasa wenzangu tunaotengeneza mifumo ya maduka, zahanati na vikoba.

Kwa asiyeijua: SQLite ni hifadhidata isiyo na seva. Ukitumia hifadhidata kama MySQL au PostgreSQL kuna programu nyingine pembeni inayotunza data, na yako inaipigia hodi kila mara. SQLite inaingia ndani ya programu yako yenyewe, na data yote inakaa kwenye faili moja. Duka zima la mama, kuanzia nondo hadi misumari na madeni ya mafundi, ni faili moja iitwayo duka.db. Hakuna nenosiri la seva la kusahau wala huduma ya kuwasha upya usiku wa manane.

Kilichonichekesha ni asili yake. D. Richard Hipp aliianza mwaka 2000 akiwa kwenye kazi ya programu iliyotumika ndani ya meli ya kivita ya Marekani, USS Oscar Austin. Programu yake ilitegemea seva ya hifadhidata, na seva ikilala, programu inabaki kuwaambia wanamaji kwamba haiwezi kuunganishwa. Akajiuliza kwa nini isisome data moja kwa moja kwenye diski. Miaka 24 baadaye mimi nagonga ukuta uleule Buguruni, tena sina hata meli.

Na usidhani ni kitu cha wanafunzi. Iko ndani ya kila simu ya Android na kila iPhone, iko ndani ya Firefox na Chrome. Simu ambayo fundi anashika huku akisubiri saruji yake ina hifadhidata za SQLite nyingi kuliko mtu anavyoweza kuhesabu. Msimbo wake wameutoa kwa umma moja kwa moja, hata leseni hakuna. Una mistari kama 155,000, lakini msimbo wa kuujaribu, kwa hesabu yao wenyewe, ni mara 590 ya huo. Mimi mradi wangu mzima ulikuwa na majaribio 11, manne kati yake nimeyazima kwa sababu yalikuwa yananikera.

Sehemu ya majaribio hayo ni kuigiza umeme unaokatika katikati ya kuandika. Kwa hapa kwetu hilo peke yake lingetosha kunifanya niipende. Luku ikiisha keshia akiwa anabonyeza "Uza", ukiwasha tena unakuta mauzo yale ama yameingia yote ama hayakuingia kabisa. Hukuti saruji imepungua stoo huku pesa haionekani. Umeme umekatika dukani pale mara nyingi mno, na faili halijawahi kuharibika.

Sasa machungu. Mengi niliyatengeneza mwenyewe, na nayataja ili usinifuate shimoni.

La kwanza lilinichukua wiki mbili kulielewa. Dukani wanauza waya wa umeme kwa roli na kwa nusu roli. Mimi safu ya idadi niliiita INTEGER, yaani namba kamili, nikajua nimemaliza, nani ataweza kuweka herufi mle? SQLite inaruhusu. Aina ya safu kwake ni kama ushauri tu. Namba iliyoandikwa kama maandishi inaigeuza kuwa namba, lakini ukiipa neno inalipokea na kulihifadhi kama neno. Keshia mmoja, mtu mwelewa kabisa, aliandika "nusu" kwenye kisanduku ambacho mimi sikukilinda. Hifadhidata ikameza bila kukohoa. Halafu nikijumlisha idadi kwa SUM, "nusu" inahesabiwa sifuri. Na tahadhari yangu ya bidhaa zinazokaribia kuisha, ile inayouliza kama idadi iko chini ya 10, haikulia, maana kwa kanuni za SQLite maandishi siku zote ni makubwa kuliko namba yoyote. Kwa mashine, nusu roli ya waya ilizidi roli elfu. Mama ndiye aliyegundua, kwa macho, alipoona rafu tupu.

Dawa ipo tangu toleo la 3.37 la mwaka 2021: ukiunda jedwali, ongeza neno STRICT mwishoni, na ukijaribu kuingiza neno kwenye safu ya namba inakukatalia papo hapo. Watengenezaji wenyewe wanautetea ulegevu ule wa zamani kuwa ni hiari waliyoichagua, si kosa. Nimesoma hoja zao, nimezielewa, na bado nasema kila jedwali la pesa liwe STRICT.

La pili ni uhusiano kati ya majedwali. Unaandika vizuri kwamba deni lolote lazima liwe na mteja, na SQLite inakubali tamko lako, kisha hailisimamii. Usimamizi huo umezimwa tangu mwanzo ili programu za zamani zisivunjike, na unauwasha wewe kwa PRAGMA foreign_keys = ON kila unapofungua muunganisho. Sikujua. Nilifuta mteja aliyejirudia, madeni yake yakabaki yatima. Hapa niwaase wanaoandikiwa msimbo na akili bandia: niliiomba moja inipangie majedwali, ikanipa kazi safi ya kupendeza, mahusiano yote yametajwa, na huo mstari mmoja wa kuwasha haukuwemo.

Duka likakua, kaunta ikawa na kompyuta mbili, na hapo ndipo nilipofanya upumbavu mkubwa kuliko yote. Niliweka duka.db kwenye folda ya pamoja, kompyuta zote mbili zikawa zinaisoma kupitia mtandao wa ndani. Siku mbili za raha, ya tatu ujumbe wa "database is locked" (hifadhidata imefungwa) ukatanda kila sehemu. Nyaraka za SQLite zinaonya waziwazi kuhusu jambo hili: kufuli za faili kupitia mtandao haziaminiki, na faili linaweza kuharibika. Mimi nilizisoma baada ya tukio, kama kawaida yetu. Sasa kompyuta moja tu ndiyo inagusa faili. Juu yake kuna programu ndogo inayopokea maombi ya kaunta ya pili, basi. Nimewasha WAL, mtindo ulioingia mwaka 2010, ambapo anayesoma hamzuii anayeandika. Waandishi bado ni mmoja kwa wakati, kwa hiyo nimeweka busy_timeout ya milisekunde 5,000 ili wa pili asubiri foleni badala ya kulalamika. Hajawahi kusubiri hata robo ya hizo. Mtu anayeandika risiti ya bati ishirini hana haraka hiyo.

Huo WAL una mtego wake. Mauzo mapya hayaingii kwenye faili kuu mara moja. Yanakaa kwanza kwenye faili la pembeni, duka.db-wal, kisha yanahamishwa taratibu. Keshia nilimfundisha kunakili duka.db kwenye flashi kila jioni kabla ya kufunga, naye aliifanya kazi hiyo kwa uaminifu mkubwa, programu ikiwa bado imefunguliwa. Diski ilipokufa Novemba, nikaenda na flashi yangu kifua mbele. Mauzo ya siku nzima na kitu hayakuwemo, yalikuwa kwenye lile faili la pili ambalo sikumwambia alichukue. Tuliyarudisha kutoka kwenye risiti za EFD, ile mashine ya kodi, moja moja, mimi nasoma mama anaandika. Hakunisema neno. Ningeona afadhali angenisema.

Siku hizi kitufe cha "Nakili" kinaendesha VACUUM INTO, amri inayotoa nakala kamili iliyotulia hata kama watu wanauza. Zaidi ya hiyo kuna Litestream, programu ya bure inayotuma mabadiliko kwenye hifadhi ya mbali kila intaneti inapokuwepo, na isipokuwepo inasubiri. Hapo ndipo wingu linaponifaa, kuwa stoo ya nakala. Ankara yake haifiki hata nusu ya bei ya soda, wakati ile seva ya zamani niliilipia kwa dola kila mwezi na kila mwezi niliogopa kumwonyesha mama.

Nitaje na hili, maana nimeona watu wakinakili mipangilio mitandaoni: kuna ushauri unaozunguka wa kuweka synchronous, mpangilio unaoamua hifadhidata isubiri diski kiasi gani, kuwa NORMAL ili iende kasi. Pamoja na WAL faili halitaharibika, kweli, lakini umeme ukikatika ghafla mauzo ya mwisho kabisa yanaweza kupotea. Kwenye nchi ambayo umeme haukatiki, sawa. Mimi nimeiacha kwenye FULL, inayosubiri diski kila mara, na hakuna mteja aliyewahi kulalamika kwamba risiti imechelewa.

Kuhusu habari za teknolojia, mambo yamegeuka kichekesho. Rails 8, toleo la zana maarufu ya kutengenezea tovuti, ilipotoka mwishoni mwa 2024, ilijisifu kwamba sasa SQLite inaweza kubeba tovuti halisi, na wale walioniambia mwaka 2021 kwamba ni hifadhidata ya kuchezea wakaanza kuandika kana kwamba wameivumbua. Sina kinyongo, au tuseme ninacho kidogo. Mwaka kesho kitakuja kitu kingine. Waundaji wa SQLite wamesema wanakusudia kuihudumia hadi 2050, na faili la leo liendelee kufunguka. Wakati huo mimi nitakuwa mstaafu na nondo za mama zitakuwa zimeshazeekea ndani ya maghorofa ya watu.

Nyota nne kati ya tano. Moja nimeinyima kwa ajili ya "nusu" na yale madeni yatima. Mambo ya usalama yangekuwa yamewashwa tayari, anayetaka ulegevu ndiye azime.

Mama aliniuliza siku moja tunalipa nani kwa hiyo kitu mpya. Nikamwambia hatulipi mtu, ni ya bure. Akaniangalia kwa muda, akasema daftari lake haliondoki kwenye kaunta.

Mwezi uliopita amefungua tawi Chanika. Anataka kuona stoo zote mbili kwenye simu yake akiwa kitandani, kwa wakati mmoja, na anataka mtu wa Buguruni aweze kuuza bati lililoko Chanika. Kwa hilo SQLite peke yake haitoshi, sitajidanganya. Nimeanza kupanga PostgreSQL ya kuunganisha matawi, huku kila duka likibaki na duka.db yake chini ya kaunta, likiuza hata kebo ikikatika. Kinachonisumbua sasa ni bati la mwisho: matawi mawili, intaneti haipo, na kila mmoja ameshaliuza.