Uzoefu wangu: seti ya bushi na raba za gia kwa Eunos Roadster ya 1992 inayochakarisha

Kwa miezi minne nimeendesha gari lenye njuga. Mshale ukigusa mizunguko 3,000 ya injini kwa dakika, mkono wa gia unaanza: chakachaka, chakachaka, mpaka 4,000 na ushei, halafu kimya. Mdogo wangu, ambaye ndiye abiria wangu wa kila siku, alishazoea kuongeza sauti ya redio kila tukiondoka kwenye taa za Mwenge.

Gari lenyewe ni Eunos Roadster ya 1992, injini ya 1.6, lile ambalo nchi nyingi liliuzwa kwa jina la Mazda MX-5. Japani waliliuza kupitia maduka yao yaliyoitwa Eunos, ndiyo maana puani halina neno Mazda. Kwa anayetafuta spea Dar hilo ni balaa: ukitaja Eunos muuzaji anakukodolea macho, ukitaja Mazda anakuletea bushi ya Demio.

Fundi wa kwanza aliendesha kama mita mia mbili tu. "Dada, hii gia boksi imekwisha. Tutafute nyingine." Akataja na bei. Niligoma, maana gia zote tano zilikuwa zinaingia bila kukwaruza, hakuna iliyokuwa inachomoka yenyewe, na oili tuliyomwaga haikuwa na chenga za chuma. Gia boksi iliyokufa haina adabu hiyo.

Nikaanza kutafuta mwenyewe. Kipimo kilichonisaidia kuliko vyote ni mkono wangu wa kushoto. Nikiweka vidole viwili juu ya kirungu cha mkono wa gia, kelele inakatika papo hapo, nikiviondoa, inarudi. Basi kinacholia ni mkono wa gia wenyewe au kitu ulichokikalia. Nikaegesha, gia huru, breki ya mkono juu, nikapandisha mizunguko: inalia vilevile. Propela shafti na difu hapo zimesimama, kwa hiyo nikaziacha. Nikakanyaga klachi, hakuna kilichobadilika. Ingekuwa beringi ya klachi, au ile ya shafti inayoingia gia boksi, sauti ingebadilika mguu ukishuka. Nikakaza kirungu upya, bure.

Kilichonipotezea Jumamosi nzima ni bati la kukinga joto, lile lililofungwa juu ya bomba la eksozi. Nililala chini injini ikiwa ya baridi, nikaligonga kwa ngumi, likalia kama debe. Nikalibana kwa klipu ya chuma, nikatoka barabarani nikijipongeza. Kelele ikapungua nusu. Zilikuwa kelele mbili, za mzunguko uleule, zimejificha moja nyuma ya nyingine, na nusu iliyobaki bado ilikuwa inanyamaza nikiweka vidole.

Raha ya gia za gari hili, ile ya kuingia kwa kifundo cha mkono tu, inatokana na kwamba mkono wa gia hauna kebo wala fimbo ndefu. Umesimama moja kwa moja juu ya gia boksi, ndani ya kikombe chenye oili yake kidogo, mbali na oili ya gia boksi. Ncha ya chini imevaa bushi ya nailoni. Mdomo wa kikombe umefunikwa na raba ndogo inayozuia oili isiruke na vumbi lisiingie, na juu yake kuna raba kubwa ya kuzuia joto na kelele. Miaka thelathini ya kukaa juu ya joto la gia boksi na eksozi haiachi raba salama.

Nikaagiza seti kutoka duka moja la Uingereza: bushi, raba mbili na gasketi. Pamoja na usafiri ilinigharimu kama shilingi laki mbili na ishirini, nikasubiri wiki tatu. Kuifunga ni kazi ya saa moja na nusu kwa mtu asiye na haraka. Kirungu kinafunguka kwa mkono, unatoa kile kisanduku cha katikati ya viti, kisha spana namba 10 inamaliza yote: bolti nne za raba kubwa, tatu za kikombe. Unauvuta mkono wa gia juu.

Raba ndogo ilikuwa imechanika kuzunguka duara lote. Kikombe kikavu kabisa. Bushi imepasuka, na kipande chake kimoja hakionekani! Nikakimbilia sumaku kabla ya kukumbuka kwamba nailoni haishiki sumaku, nikarudi na kibano na tochi, dakika ishirini zikaishia hapo. Usifunge mpaka ukipate. Kisha oili ya gia ndani ya kikombe, 75W-90 ya daraja la GL-4, kama mililita 80. Niliipima kwa bomba la sindano la mililita 20 nililonunua duka la dawa, ambako dada wa kaunta aliniuliza mgonjwa ana umri gani.

Kelele imekwisha. Nimeshakwenda Bagamoyo na kurudi mara mbili, 3,000 inapita, 4,000 inapita, mkono umetulia. Gia ya pili inaingia laini kuliko nilivyoizoea, na ile hewa ya moto iliyokuwa ikipanda kwenye kiganja imepungua sana.

Bushi na raba ndogo sina neno nazo, zimekaa kama zilivyozaliwa hapo. Raba kubwa ndiyo iliyoniudhi: matundu mawili kati ya manne hayakulingana na bolti, nikalazimika kuyapanua kwa kisu, jambo ambalo kwa bei hii halikubaliki. Karatasi ya maelekezo haisemi lolote kuhusu oili ya kikombe, na asiyejua atafunga kikiwa kikavu, halafu bushi mpya ifuate njia ya ile ya zamani. Nyota nne kati ya tano. Kama duka linakubali kuuza bushi na raba ndogo peke yake, chukua hizo, raba kubwa ya zamani ikiwa haijachanika irudishe ilipokuwa.