Jekyll na Hyde: ule mkono juu ya shuka

Nimekimaliza juzi usiku, stima zimepotea mtaa mzima huku Mji wa Kale, nasoma kwa tochi ya simu mpaka chaji ikafika 4 na bado sikuweza kukiacha. Ni Strange Case of Dr Jekyll and Mr Hyde ya Robert Louis Stevenson, ya mwaka 1886, nilikipata kwa muuza vitabu vya mtumba kwa shilingi 150, kembamba kinaingia mfuko wa kanzu.

Najua wengi mshaijua siri yake, Dr Jekyll, daktari wa heshima, anakunywa dawa na kugeuka Hyde, mtu muovu, na mimi nilikua nadhani kwa vile naijua basi hakuna cha kunishtua, kumbe wapi. Anayetutembeza kwenye hiyo London ya ukungu na taa za gesi ni wakili anaitwa Utterson, rafiki wa daktari, na huyu kila anachokiona anakielewa sivyo. Ameshikishwa wasia unaosema mali yote ya Jekyll aachiwe Hyde, akili yake ikamwambia rafiki yangu ana aibu ya ujanani na kuna mtu anamtishia nayo. Kisha mzee wa heshima, Sir Danvers Carew, anapigwa fimbo na Hyde usiku mpaka fimbo inavunjika vipande viwili, Jekyll anatoa barua ati ameandikiwa na Hyde, karani wa Utterson anaiweka kando ya mwandiko wa Jekyll mwenyewe anasema hii inafanana, tofauti ni mlalo wa herufi tu. Na Utterson bado haoni! Anachofikiri ni kwamba Jekyll amemghushia muuaji barua, anaifungia ndani ya sefu, kimya.

Hapo roho iliniuma sana, manake watu kama Utterson ninao mtaani kwangu. Anamtafutia mwenzake stara. Anaona kitu hakiko sawa, anageuza macho kwa ajili ya heshima ya nyumba ya watu, na kila mara ana sababu nzuri kabisa ya kufanya hivo. Nilikua nasoma natamani nimwambie ami, tazama vizuri, huyo unayemkinga na huyo unayemuogopa ni mmoja.

Sasa mambo ya mwili. Kuna ile usiku wa manane kwa Dr Lanyon, rafiki mwingine wa Jekyll, dawa inabadilika rangi kutoka nyekundu ikawa zambarau kisha kijani, Hyde anainywa, anashika meza asianguke, macho yamemtoka, anafura, uso unakua mweusi ghafla na sura inakua kama inayeyuka. Lanyon hakuishi siku nyingi baada ya kuona vile. Inatisha, lakini kilichonishika mimi ni kitu kidogo kuliko hicho, ni ile asubuhi Jekyll anaamka kitandani kwake hajanywa kitu, anahisi tu kuna jambo, mara jicho linaangukia mkono wake juu ya shuka, yeye mkono wake ni mpana mweupe, huu ni mkavu, una mishipa na vifundo, umejaa nywele. Alilala Jekyll kaamka Hyde. Nilisoma hapo nikajikuta nimegeuza mkono wangu nautazama kwa ile tochi, wallahi. Na Hyde ni mdogo wa umbo kwa hivyo nguo za daktari zinamning'inia, suruali imekunjwa miguuni. Wazee waliposema kikulacho ki nguoni mwako sijui kama kuna kitabu kingine kimeionyesha hivi wazi.

Na hakuna jini hapa wala aliyemtupia mtu kitu. Jekyll amejichanganyia mwenyewe. Hata ile chumvi ya dawa ilivyomuishia akawa anamtuma Poole, mtumishi wake, kila duka la dawa London na wapi, anakuja kugundua ile ya kwanza ilikua chafu, na huo uchafu ndo ulioifanya ifanye kazi. Hapo nilinyamaza kidogo.

Nyota 4 kati ya 5. Moja nimeipunguza kwa sababu barua ya mwisho ya Jekyll inaanza kwa maelezo marefu mno kuhusu nafsi mbili wakati mimi nataka kujua imekuaje, na pia wanawake humu hawana nafasi, ni mtoto wa kike aliyekanyagwa na Hyde, mjakazi aliyeona mauaji dirishani, basi wanapita. Kiingereza chake cha zamani kinataka subira kurasa za mwanzo, ukifika pale Poole, miaka 20 yuko nyumba ile, anasikiliza hatua nyuma ya mlango na kusema hizi si za bwana wangu, hutalala.

Nakala yangu anaichukua dada kesho, baada yake anayetaka aje barazani aseme.